URITHI WA NGELI KATIKA PROGRAMU ZA KOMPYUTA: SOMO LA FOLENI YA KIVUKO

Utangulizi

Kwa miaka mingi msafiri aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema na Geita aghalabu alisimama Kigongo. Hapo barabara ilikoma ufukoni mwa Ghuba ya Mwanza, na magari yalipanga foleni, mara nyingine kwa saa kadhaa, yakingoja kivuko ambacho wengi hukiita pantoni kiyavushe mpaka Busisi, ng'ambo ya pili. Katika foleni hiyo moja yalikuwamo mabasi, malori ya shehena na magari madogo, na kando yake watu waendao kwa miguu. Mwezi wa Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lilifunguliwa, na foleni ile ikakoma. Lakini vivuko havijakwisha katika Ziwa Viktoria. Kamanga, Rugezi na Kisorya, na kisiwani Ukara, watu na mali zao bado huvushwa kwa maji.

Makala hii inakusudia kueleza, kwa kuitumia foleni ya kivuko, fikira moja iliyo msingi wa programu nyingi za kompyuta za siku hizi, nayo ni urithi wa ngeli. Mfano huu haukuchaguliwa kwa sababu tu ya kuwa karibu na msomaji. Fikira yenyewe ilizaliwa nchini Norway katika miaka ya 1960, pale wataalamu wawili walipokuwa wakitafakari foleni ya malori na mabasi kwenye daraja la kulipia ushuru. Kwa hiyo mwanafunzi wa Misungwi au Ukerewe aliyewahi kungoja kivuko amekwisha kuliona kwa macho yake jambo ambalo vitabu hulieleza kwa maneno mazito.

Maana ya kitu na ya ngeli

Programu ya kompyuta ni orodha ya maagizo. Tukitaka kompyuta itusaidie kupanga upakiaji wa kivuko, hatuna budi kwanza kuieleza juu ya magari. Katika njia tunayoizungumza hapa, kila gari lililomo katika foleni huwakilishwa ndani ya kompyuta na kitu kimoja. Kitu hicho kina mambo mawili: sifa, yaani habari zake, kama vile namba ya usajili, urefu na uzito, na matendo, yaani kazi ambazo kinaweza kuzifanya kinapoombwa, kama vile kutaja uzito wake.

Isingekuwa busara kuandika maelezo mapya kwa kila gari linalofika. Hivyo mwandishi wa programu huandika maelezo mara moja tu, akisema kwamba gari lolote lina sifa hizi na matendo haya. Maelezo hayo ya jumla ndiyo tutakayoyaita ngeli, na kila gari linaloumbwa kwa kufuata maelezo hayo ni kitu cha ngeli hiyo. Ngeli ni kama ramani ya nyumba, na vitu ni nyumba zilizojengwa kwa ramani ile.

Tumelichagua neno ngeli kwa sababu mwanafunzi amekwisha kulizoea katika somo la Kiswahili. Mtu akijua kwamba neno fulani limo katika ngeli ya KI-VI, hahitaji kufundishwa upya jinsi ya kulitumia. Atasema kitabu kizuri kimepotea, kiti kizuri kimepotea, na kivuko kizuri kimepotea. Neno geni kama kompyuta lilipoingia katika lugha yetu, lilipata mara moja kanuni za ngeli yake, nasi tukasema kompyuta hii imeharibika, bila ya kikao chochote kuketi na kuamua. Kuwamo katika ngeli ni kupokea kanuni zake zote kwa pamoja.

Kwa nini urithi ulihitajiwa

Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walifanya kazi katika Kituo cha Kompyuta cha Norway mjini Oslo. Waliunda lugha ya kuandikia programu iitwayo Simula, ambayo kazi yake ya kwanza ilikuwa kuigiza ndani ya kompyuta shughuli za ulimwengu, kama vile foleni, viwanda na usafiri, ili watu wazichunguze kabla ya kutumia fedha kuzijenga au kuzibadilisha.

Katika lugha yao ya kwanza walikutana na taabu. Lori na basi ni vitu vya namna mbili; lori lina mzigo na basi lina abiria. Lakini mambo mengi ni yao wote wawili: vyote hufika, husimama katika foleni, hulipa ushuru, kisha huondoka. Kwa kuwa kila namna ya kitu ilipaswa kuelezwa peke yake, maelezo yale yale yaliandikwa mara mbili. Kama ingeongezwa namna ya tatu, yangeandikwa mara tatu. Mwandishi akigundua kosa katika maelezo ya kulipa ushuru, angelazimika kulisahihisha kila mahali, na asiposahihisha mahali pamoja, programu ingetoa majibu yasiyopatana.

Mwanasayansi wa Uingereza, C. A. R. Hoare, alikuwa amependekeza namna ya kupanga kumbukumbu katika ngeli na ngeli ndogo zilizomo ndani yake. Dahl na Nygaard waliichukua fikira hiyo wakaipanua, na katika mwaka 1967 walitangaza lugha mpya, Simula 67. Humo ngeli moja iliweza kujengwa juu ya nyingine: mambo ya pamoja yaliandikwa katika ngeli ya Gari, na ngeli za Lori na Basi ziliandikwa kwa kutaja tu yale yaliyo yao peke yao. Katika kuandika, jina la ngeli ya asili lilitangulia mbele ya ngeli mpya, na kwa hiyo wenyewe waliiita njia hii kuwa ni ya kuweka kiambishi awali. Msomaji wa Kiswahili hatapata shida kuelewa kwa nini.

Kutoka Simula fikira hii ilienea. Bjarne Stroustrup, ambaye aliwahi kuitumia Simula alipokuwa mwanafunzi mjini Cambridge, aliitia katika lugha aliyoianza mwaka 1979 ambayo baadaye iliitwa C++. Lugha ya Python iliyotolewa mwaka 1991, na Java iliyotolewa mwaka 1995, zote zinayo. Dahl na Nygaard walitunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka 2001, ambayo ni heshima kubwa kabisa katika taaluma ya kompyuta. Wote wawili walifariki mwaka 2002.

Jinsi urithi unavyofanya kazi

Natuandike sasa maelezo ya foleni yetu kwa Kiswahili. Maandishi haya si ya lugha yoyote halisi ya kompyuta, lakini mwalimu anaweza kuyageuza kwa urahisi katika lugha anayoifundisha.

NGELI Gari
   sifa: namba, urefu, uzito mtupu
   tendo "taja uzito": toa uzito mtupu

NGELI Basi, mrithi wa Gari
   sifa ya ziada: idadi ya abiria

NGELI Lori, mrithi wa Gari
   sifa ya ziada: mzigo

Gari ni ngeli mzazi; Basi na Lori ni ngeli warithi. Katika maelezo ya Lori hatukutaja namba, urefu wala uzito mtupu, na hata hivyo kila lori litakuwa na sifa hizo zote tatu pamoja na ya nne, yaani mzigo. Hali kadhalika, lori likiombwa litaje uzito wake litajibu, kwa kuwa tendo hilo limerithiwa.

Ndani ya kumbukumbu ya kompyuta jambo hili hufanyika kwa njia rahisi. Sifa za kitu hupangwa mfululizo, kama vyumba katika nyumba ndefu. Vyumba vya mwanzo ni vile vilivyotoka kwa mzazi, na vyumba alivyoviongeza mrithi hufuata nyuma yake. Kwa sababu hiyo, sehemu ya programu inayojua habari za Gari peke yake inaweza kupewa Lori bila ya kutatizika: itafungua vyumba vitatu vya mwanzo na kukuta kila kitu mahali ilipotazamia, bila ya kujua kwamba kuna chumba cha nne.

Hapa ndipo ilipo nguvu ya urithi. Anayepanga foleni haandiki foleni ya mabasi, foleni ya malori na foleni ya magari madogo. Huandika foleni moja ya Gari, na warithi wote wa Gari wataingia humo, hata wale ambao hawajabuniwa bado siku programu inapoandikwa.

Inafaa tutofautishe urithi huu na mirathi ya kawaida. Katika mirathi, mali humtoka marehemu na kugawanywa, na kila mrithi hupata fungu lake. Katika ngeli, mzazi hapungukiwi na kitu, na kila mrithi hupata yote. Lakini kuna jambo moja ambalo mirathi zote mbili zinafanana, nalo aghalabu husahauliwa. Katika mirathi, madeni ya marehemu hulipwa kwanza kabla ya mali kugawanywa. Katika ngeli pia kuna deni: kila alichokiahidi mzazi, mrithi hana budi kukitimiza. Sehemu inayofuata inaonyesha hatari ya kulisahau deni hilo.

Hesabu ya kivuko

Tuchukue kivuko cha mfano ambacho hakiruhusiwi kubeba zaidi ya tani 60. Foleni ina magari madogo 3 ambayo hayakubeba kitu, kila moja lina tani 2. Basi 1 lenye uzito mtupu wa tani 11 na abiria 60. Na malori 2, kila moja lina uzito mtupu wa tani 10 na mzigo wa tani 20. Programu inajumlisha kwa kukiambia kila kitu katika foleni: taja uzito.

Kwa maelezo tuliyoyaandika hapo juu, kila kitu kitajibu kwa tendo lililorithiwa kutoka kwa Gari, yaani kitatoa uzito mtupu. Jumla itakuwa hivi:

   magari madogo: 3 × 2 = tani 6
   basi: tani 11
   malori: 2 × 10 = tani 20
   jumla: tani 37

Kompyuta itaona kwamba 37 ni pungufu ya 60, nayo itaruhusu magari yote yapakiwe. Hakuna neno lolote la programu lililoandikwa vibaya. Hakuna onyo litakalotokea. Lakini uzito wa kweli ni huu, tukikadiria kila abiria kuwa na kilo 75:

   magari madogo: tani 6
   basi: 11 + (60 × 0.075) = tani 15.5
   malori: 2 × (10 + 20) = tani 60
   jumla: tani 81.5

Kivuko kimezidishiwa tani 21.5, na karatasi inasema kuna nafasi ya tani 23.

Wakazi wa Ziwa Viktoria hawahitaji kuelezwa maana ya tarakimu kama hizi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu walifariki. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba abiria 101, kilipinduka kikiwa karibu kufika Ukara, na watu zaidi ya 220 walipoteza maisha. Misiba hiyo haikuletwa na programu ya kompyuta. Tunaitaja kwa sababu inaonyesha kwamba hesabu ya kilichomo ndani ya chombo ni suala la uhai, na kwamba atakayeikabidhi kompyuta hesabu hiyo anakabidhi pia dhamana.

Kuandika upya tendo

Dawa ya kosa letu ni kumruhusu mrithi aandike upya tendo alilolirithi. Jina la tendo linabaki lile lile, lakini namna ya kulitekeleza inakuwa ya mrithi mwenyewe:

NGELI Basi, mrithi wa Gari
   sifa ya ziada: idadi ya abiria
   tendo "taja uzito": toa uzito mtupu + (idadi ya abiria × 0.075)

NGELI Lori, mrithi wa Gari
   sifa ya ziada: mzigo
   tendo "taja uzito": toa uzito mtupu + mzigo

Sehemu ya programu inayojumlisha foleni haibadiliki hata kidogo. Bado inasema: taja uzito. Ila sasa kila kitu hujibu kwa namna yake. Kila kitu ndani ya kumbukumbu huchukua alama inayoonyesha ngeli yake. Kinapoombwa tendo, kompyuta hutazama kwanza katika ngeli ya kitu chenyewe. Ikilikuta tendo humo, hulitekeleza. Isipolikuta, hupanda kwa mzazi, na ikibidi kwa mzazi wa mzazi, mpaka ilipate. Lori litakutwa na tendo lake lenyewe. Gari dogo, ambalo halikuandika lake, litatumia la Gari. (Katika lugha nyingine, kama C++, mwandishi hulazimika kutangaza waziwazi kwamba tendo hilo linaruhusiwa kuandikwa upya; asipotangaza, huenda la mzazi likatumika. Mwanafunzi aisome kanuni ya lugha yake kwa makini.)

Lakini dawa hii haijatosha. Tulisahau mara ya kwanza kuandika upya tendo la Lori, na kompyuta haikutuonya. Kesho mwandishi mwingine ataongeza ngeli ya Trekta lenye tela, naye atasahau vile vile. Chanzo cha hatari kiko kwa mzazi. Gari lilitoa jibu ambalo halikuwa na haki ya kulitoa, kwa kuwa ukisema gari tu, bila ya kusema ni gari gani, huwezi kujua limebeba nini. Njia iliyo bora ni mzazi aahidi tendo bila ya kulitekeleza:

NGELI Gari (dhahania)
   sifa: namba, urefu, uzito mtupu
   tendo "taja uzito": kila mrithi lazima aliandike

Ngeli ya namna hii huitwa dhahania. Haiwezekani kuumba kitu cha Gari tupu. Huumbwa Lori, Basi, au Gari Dogo. Nayo mashine itaikataa ngeli ya Trekta ikiwa mwandishi wake hakuandika tendo la kutaja uzito. Hivyo usahaulifu ambao ungegunduliwa ziwani hugunduliwa mezani.

Kanuni ya mrithi mwema

Mwaka 1987 mtaalamu wa Marekani, Barbara Liskov, alieleza kanuni ambayo leo hujulikana kwa jina lake. Kwa maneno mepesi, kanuni hiyo husema kwamba popote programu inapomtazamia mzazi, mrithi aweze kusimama badala yake, na programu iendelee kuwa sahihi. Kutokana na kanuni hiyo twapata mambo mawili. Kwanza, mrithi asidai zaidi ya alivyodai mzazi. Pili, mrithi asitoe pungufu ya alivyoahidi mzazi.

Ikiwa Gari liliahidi kutaja uzito wote ulioko juu ya kivuko kwa sababu ya gari hilo, basi Lori linalotaja uzito bila ya mzigo limevunja ahadi, hata kama kompyuta haina malalamiko. Vile vile, ikiwa ngeli ya Gari hutaja uzito kwa tani, na mrithi mmoja akautaja kwa kilo, kila hesabu itakayomhusu itakuwa mbovu. Mashine inaweza kukagua kwamba tendo lipo. Haiwezi kukagua kwamba tendo lina maana ile ile. Hiyo ni kazi ya mwandishi.

Mzazi naye ana wajibu. Badiliko lolote linalofanywa katika ngeli mzazi huwafikia warithi wote kwa mara moja. Jambo hili ni faida kosa linaposahihishwa, na ni hatari mtu anapobadilisha bila ya kuwafikiria warithi.

Kurithi kwa ajili ya kufupisha kazi

Kosa linalowapata wengi wanaoanza ni kurithi ili kupunguza maandishi tu. Tuseme kivuko chetu huvusha pia ng'ombe waendao mnadani. Ng'ombe ana uzito na huchukua nafasi. Mwandishi mwenye haraka huona kwamba ngeli ya Gari inavyo vyote viwili, naye huandika: NGELI Ng'ombe, mrithi wa Gari. Hesabu ya uzito itakuwa sawa. Lakini sasa kila ng'ombe ana namba ya usajili, na siku Gari litakapoongezewa tendo la kuzima injini kabla ya safari, programu itamwagiza ng'ombe azime injini.

Njia ya kupima ni kusema sentensi kwa Kiswahili safi. Lori ni gari: sentensi hii ni kweli, basi urithi unafaa. Ng'ombe ni gari: sentensi hii si kweli, basi urithi haufai, hata kama ungetupunguzia mistari. Tukitaka kuvipakia vyote katika orodha moja, tutafute ukoo wa juu zaidi ambao kweli ni wao wote:

NGELI Kipakiwa (dhahania)
   tendo "taja uzito": kila mrithi lazima aliandike
   tendo "taja nafasi": kila mrithi lazima aliandike

Gari ni kipakiwa, ng'ombe ni kipakiwa, abiria ni kipakiwa. Sentensi zote tatu ni kweli. Kivuko sasa hupokea orodha ya vipakiwa, nayo hesabu hukamilika.

Kuna sentensi ya pili ya kupimia. Kivuko kina injini. Hatusemi kivuko ni injini. Pale ambapo neno linalofaa ni -na badala ya ni, hakuna urithi. Kuna kitu kimoja kilichomo ndani ya kingine. Ngeli ya Kivuko itakuwa na sifa iitwayo injini, na hiyo yatosha. Waandishi wengi wenye uzoefu husema kwamba mtu akiwa na shaka kati ya hizo mbili, achague -na.

Zoezi la darasani lisilohitaji kompyuta

Shule isiyo na kompyuta inaweza kufundisha somo hili kwa kadi. Mwalimu awagawie wanafunzi 12 kadi za magari, juu ya kila kadi pameandikwa sifa za gari moja. Nyuma ya darasa pabandikwe karatasi za ngeli: Gari, Basi, Lori na Gari Dogo, na katika kila karatasi matendo yake. Wanafunzi wapange foleni. Mwanafunzi wa kumi na tatu awe mpakiaji. Yeye haruhusiwi kuuliza mwenzake ni gari gani, huruhusiwa kusema tu "taja uzito". Anayeulizwa aende kwenye karatasi ya ngeli yake, na asipolikuta tendo aende kwenye karatasi ya mzazi, kisha arudi na jibu. Mpakiaji ajumlishe na asimame kabla ya kuvuka tani 60. Baada ya duru ya kwanza, mwalimu afute kwa siri tendo la Lori, na duru irudiwe. Darasa litaona kwa macho kivuko kikizidishiwa mzigo huku kila mtu akiwa amefuata kanuni.

Hitimisho

Tumeona kwamba urithi wa ngeli ni njia ya kuandika mara moja mambo yaliyo ya wengi, na kuviwezesha vitu vya namna mbalimbali kukaa katika foleni moja. Lakini faida hiyo hupatikana kwa sharti. Mwandishi anaposema kwamba Lori ni mrithi wa Gari, ametoa ahadi kwamba lori litaweza kuaminiwa kila mahali ambapo gari linaaminiwa. Ni juu yake kuitimiza ahadi hiyo, kwani mtu atakayepanda kivukoni hataiona programu.

Maswali ya kujadili

1. Kwenye vivuko vingi abiria wa basi hushuka na kuingia kwa miguu. Ikiwa ngeli ya Abiria nayo ni mrithi wa Kipakiwa, ni kosa gani linaweza kutokea katika hesabu ya uzito wa basi? Pendekeza marekebisho.

2. Mwanafunzi mmoja wa Nyegezi aliandika ngeli ya Samaki yenye tendo "pumua: vuta hewa iliyomo majini kwa matamvua", kisha akaifanya sato, sangara, furu, dagaa na kamongo kuwa warithi. Kamongo mkubwa ana mapafu, naye hana budi kupanda juu ya maji kuvuta hewa, la sivyo hufa. Je, inatosha kamongo kuliandika upya tendo hilo, au ngeli ya Samaki ndiyo ibadilishwe? Toa sababu.

3. Pima kwa sentensi ya ni na ya -na: mtumbwi na kasia, mtumbwi na chombo cha majini, kivuko na nahodha, basi dogo na basi. Wapi panafaa urithi?

4. Gari la wagonjwa halingoji foleni. Andika ngeli yake kama mrithi wa Gari, na ueleze kama mrithi huyu amevunja ahadi yoyote ya mzazi wake.